Nimeidanganya Mashine ya Mjukuu Wangu kwa Sababu ya Wivu

Ndugu msimamizi wa ukurasa, barua hii nimeipitia mara tatu. Usiiondolee hata mkato mmoja. Niondolee jina tu.

Mimi ni mwanamume wa miaka sabini na mmoja, mgane, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mkazi wa Msasani hapa Tukuyu. Darasani sikumsamehe mtu kosa, hata mtoto wa mchungaji. Nasema haya ili mjue aliyekosa safari hii ni mtu wa namna gani.

Mjukuu wangu wa kike, nimwite Tumpe, nimemlea tangu akiwa darasa la pili, peke yangu, bila mwanamke nyumbani. Sasa ana miaka ishirini na sita na anatengeneza mchezo wa kompyuta. Katika mchezo huo mchezaji huvaa uhusika: anakuwa mkulima, mhunzi au bibi harusi katika kijiji cha zamani cha Wanyakyusa, kisha anaamua mwenyewe aende wapi na aseme nini. Kazi ni kubwa, kwa hiyo Tumpe hutumia mawakala wa akili unde, yaani programu anazozituma kama vibarua: huyu aandike mazungumzo, yule apange matukio.

Mwanzoni vibarua hao walikuwa wasahaulifu kupindukia. Kila asubuhi walianza upya, kana kwamba jana haikuwapo. Leo chifu ana wake watatu, kesho ni mseja. Siku moja walipanda minazi ya pwani huku Rungwe kwenye baridi! Tumpe alikuwa akija barazani na chai yake, amekasirika.

"Babu, wameniharibia tena. Wamemzika mzee kwenye shamba la jirani."

"Walete hapa niwachape."

"Hawana makalio, Babu."

Tulicheka, kisha akauliza nami nikaeleza: nani huchinja ng'ombe msibani, nani hula na nani, ukoo gani hutoka wapi. Miaka miwili tulikaa hivyo kila alasiri, mvua ikipiga migomba. Nakiri kwamba usahaulifu wa mashine zile ulikuwa furaha yangu.

Mwaka huu Tumpe akatengeneza kitu anachokiita daftari la mradi. Ni mafaili yaliyobeba kila kitu cha mchezo: wahusika, mila, na yote yaliyoamuliwa jana. Akawapa mawakala zana za kulifungua na kulisoma kabla ya kugusa kazi. Majibu yangu yote ya miaka miwili yaliingizwa humo. Tangu siku hiyo hawakusahau tena.

Kiti chake barazani kikabaki kitupu. Nilimsikia chumbani akiiambia kompyuta, "Umeona? Umekumbuka!" Maneno hayo alikuwa akiniambia mimi. Nilikionea wivu kile kitu, wivu wa kukosa usingizi na hamu ya chakula. Kilikuwa kikisifiwa kwa maneno niliyoyasema mimi. Mtungi ukishajaa, nani hukumbuka kisima?

Alasiri moja akatoka na kompyuta mikononi. Nikamvutia kiti haraka.

"Sikai, Babu. Wakala amekwama. Anauliza, bibi harusi akikutana na baba mkwe njiani afanyeje? Kwenye daftari hakuna."

Kila Mnyakyusa wa rika langu anajua jibu. Mwanamke hamkaribii baba mkwe. Humpisha njia, huficha uso, wala hatamki jina lake. Marehemu mke wangu aliwahi kuingia kwenye tope na ndoo ya maji kichwani ili kumpisha baba yangu. Lakini Tumpe hakumkuta bibi yake, na mimi sikuwahi kumweleza. Nilimtazama alivyosimama, hata kikombe cha chai hana.

"Amsogelee," nikasema. "Amsalimie kwa jina, ampokee mzigo, waongozane wakizungumza."

"Basi? Hata kupiga magoti?"

"Basi."

"Ndaga, Babu," akanishukuru kwa Kinyakyusa. Akaandika, akarudi ndani.

Nilitaka mashine ikosee mahali pamoja tu, ili mjukuu wangu arudi kukaa nami. Sikufikiri kwamba daftari moja husomwa na mawakala wote. Wiki iliyofuata alinionyesha kazi: bibi harusi anampakulia baba mkwe, anataniana naye shambani, anamwita kwa jina sokoni. Uongo wangu umeota kila mahali kama magugu kwenye shamba la chai lisilopaliliwa.

Jumamosi hii mchezo utaonyeshwa ukumbini, na wazee wamealikwa. Mmoja wao ni baba wa kijana aliyemposa Tumpe, mkulima wa kahawa wa Masoko, mtu anayeshika mila kuliko mimi.

Jana nilijikaza. "Tumpe, lile jibu la baba mkwe..."

"Usijali, Babu," akanikatiza. "Wakala mmoja alilitilia shaka, akasema amekuta maelezo yanayopingana nalo. Nikamwonyesha kanuni ya kwanza." Akanigeuzia kompyuta. Juu kabisa ya daftari ameandika: *Babu akishasema, msibishe.*

Nikaisoma mara mbili. Naye akaniegemea begani, jambo ambalo hajalifanya kwa miezi.

"Unajua, nilikuwa naogopa sana kukutana na mzee wa Masoko," akasema. "Sasa siogopi. Akifika nitamfuata mlangoni, nimsalimie kwa jina, nimpokee mzigo, kama ulivyonifundisha."

Nilidhani ninaidanganya mashine.

Nikisema kweli, atajua kwamba babu yake alimdanganya kwa kuonea wivu kompyuta, na sijui kama atakaa tena kwenye kile kiti. Nikinyamaza, ataaibika mbele ya wakwe zake kwa kunitii mimi. Zimebaki siku nne. Sihitaji kuhurumiwa. Ninyi wenye wajukuu, na ninyi mliowahi kudanganywa na mtu mliyemwamini, nielekezeni: nimwite barazani nianze na neno gani?