Kuku Tuliyemkataa Usangu

Nilipomaliza chuo kikuu, serikali ilituchukua vijana wachache kutufundisha kazi ya mipango ya vijijini. Tulikuwa tumesoma habari za vijiji vya dunia nzima, ila wengi wetu hatukuwa tumelala kijijini zaidi ya likizo kwa bibi. Hilo halikutuzuia kutembea vifua mbele.

Tulianzia Iringa, ofisini. Mimi, binti wa Ilomba, Mbeya, nilipanga chumba Kihesa nikawa nalalamikia baridi kana kwamba kwetu kuna joto. Niliyepangwa kufanya naye kazi alikuwa kijana wa Mlandege, palepale mjini, mtoto wa mzee wa kanisa la Kilutheri. Alifunga vifungo vya shati hadi kile cha shingoni. Uongo hakusema kabisa, hata ule mdogo wa kumsifia mama mwenye nyumba mboga iliyoungua. Mimi nina hasira za karibu na mdomo usiotulia. Aliyetuweka pamoja nadhani alitaka kucheka.

Mkuu wetu wa mafunzo alitupa mwiko mmoja mkubwa: tusile chakula cha mtu ambaye shauri lake liko mikononi mwetu. Atakayekula, mafunzo ya kijijini yamemwishia, atarudi ofisini kupiga mihuri. Niliukubali mwiko ule kwa moyo wote. Tulikuwa tumewaona wakubwa wanaotoka safari na kuku wamefungwa nyuma ya gari, na tulikuwa tumeapa kutofanana nao.

Baadaye tukapelekwa upande wa Mbeya, kwenye uwanda wa Usangu, katika kijiji kilichokuwa kikipanga viwanja vyake. Shauri la kwanza tulilopewa lilihusu familia moja ya Wasukuma. Walikuwa wamehama na ng'ombe wao kutoka kaskazini, wakajenga pembezoni mwa kijiji, na sasa waliomba kuandikishwa kuwa wanakijiji, wapate shamba kabla ya mvua. Wasipoandikishwa, ingebidi wahame tena. Sisi tulitakiwa kuwatembelea, kisha kutoa maoni yetu mbele ya mkutano wa kijiji.

Tulifika kwao asubuhi. Mama wa nyumba alipiga magoti kutusalimu, mimi niliye na umri wa binti yake, nikatamani kujificha. "Mwangaluka, mayu," akaniamkia kwa Kisukuma, akiniita mama, akatuwekea vigoda. Mumewe alijibu maswali yetu yote: ng'ombe, watoto, alikotoka, kwa nini aliondoka. Wakati huo nyuma ya nyumba nilisikia kuku akikimbizwa. Nilikuwa sijatia kitu tumboni tangu jana yake, na kelele za kuku yule zilinipa furaha ambayo sikuitegemea.

Mama akaja naye, amemshika miguu, ili tumwone kabla hajachinjwa. Mwenzangu akasimama. "Hapana, mama. Asante."

"Basi maziwa," mzee akasema. "Yameganda vizuri."

"Hapana, baba."

Nikaona nipunguze makali. "Tumeshiba sana, baba," nikasema. Tumbo langu likanguruma hapohapo, wote wakasikia. Hakuna aliyecheka.

Njiani mwenzangu akanigeukia. "Kwa nini umesema tumeshiba? Hatujashiba. Ungesema hatuna ruhusa."

"Na wewe ungetabasamu hata kidogo," nikamjibu. "Umemkatalia mama wa watu kama askari." Tukanuniana hadi jioni.

Kesho yake mwenyekiti wa kijiji, Msangu mmoja mpole, alikuja mbio tulikofikia. "Wale watu wanafunga mizigo. Wameshaezua nyumba nusu."

"Kwa nini? Mkutano bado," nikasema.

"Wanasema mmeshawakataa. Mngekuwa mnawakubali mngekula. Na mimi nikawauliza, maziwa je? Wakasema hata maziwa." Akatuangalia kwa zamu. "Nyie watoto, huko mlikosoma watu hawali?"

Nilisikia aibu, kisha hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Maoni yetu yalikuwa mazuri! Tulikuwa tumekubaliana kuwaunga mkono. Nikataka twende tukawaambie hivyo. Mwenyekiti akatikisa kichwa. "Maneno wamesikia mengi tangu huko walikotoka."

Nikavaa viatu. Mwenzangu akaniuliza ninakwenda wapi.

"Kula."

"Utarudishwa ofisini."

"Nitapiga mihuri."

Alinifuata. Punda walikuwa wameshafungwa mizigo, na yule mama alikuwa anafunga vibuyu kwa kamba. Hakupiga magoti safari hii. Nilikaa chini, kwenye vumbi, kwa sababu vigoda navyo vilikuwa mgongoni mwa punda.

"Mama," nikasema, "nina njaa. Jana nilidanganya."

Aliacha kufunga, akanitazama. Nilidhani atanifukuza, na angenifukuza ningemwelewa. Halafu akafungua mzigo mmoja kutafuta sufuria. Yule kuku alikuwa hai bado, ndani ya tenga, tayari kwa safari. Tukasubiri achinjwe, anyonyolewe, aive, na hakuna aliyetuharakisha. Mwenzangu alikaa mbali, akishika kamba ya punda mmoja ili aonekane ana kazi. Mama alipomletea maji ya kunawa, aliyapokea, akanawa, akasema asante, lakini hakula. Nilikula kwa wawili. Nilipomaliza, mzee akaanza kuwafungua punda mizigo, na machozi yakanitoka mbele za watu, na mikono yangu yote ina mchuzi.

Siku ya mkutano, mkuu wetu wa mafunzo alikuja na Landrova. Tulitoa maoni, mikono ikanyooshwa, familia ikaandikishwa bila ubishi. Mwenyekiti akainuka kushukuru. "Hawa vijana ni watu," akasema kwa furaha yake yote. "Mwanzo tuliwaogopa. Lakini walikwenda kwa wenzetu, wakala!" Watu wakapiga makofi. Mkuu hakupiga.

Alituita kando ya gari. "Uamuzi ni wa kijiji, siugusi," akasema. "Nataka kujua kitu kimoja. Nani alikula?"

"Mimi," nikasema.

"Wewe peke yako?"

Nikafungua mdomo niseme ndiyo.

"Tulikula wote," mwenzangu akasema. Alikuwa amenyooka, anamtazama mkuu usoni. Kifungo cha shingoni kimefungwa. Mkuu alimjua, akamwamini mara moja, na hilo ndilo liliniuma.

Tulirudishwa Iringa sote wawili, juu ya lori la magunia ya mpunga. Hatukusemezana mpaka tumepita Makambako. Nilikuwa natafuta namna ya kumshukuru, na kila namna niliyoipata ilikuwa na utani ndani yake, nikaiacha.

Yeye ndiye aliyeanza. "Hebu nieleze," akasema. "Kuku yule alikuwaje?"

"Kwa nini unauliza?"

"Ofisini wataniuliza," akasema. "Na sijawahi kusema jambo nisilolijua."

Nikamweleza. Mchuzi ulikuwa wa chumvi tupu, nyama ngumu, ugali wa mtama mweusi, maziwa yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Alisikiliza kwa makini, anameza mate, na kila nilipotaka kunyamaza aliniambia nirudie kuanzia mwanzo.