Majina Kumi na Manne ya Maman Disiplini

Kabla ya lori kuja, Mukamurenzi alikuwa mtu wa kukaribishwa. Akipita njia ya Nyakarenzo, viatu vya plastiki mkononi kwa sababu ya matope, akina mama walimwita kutoka mashambani, na mwenye ndizi zilizoiva alimkatia. Alikuwa msimamizi wa nidhamu katika sekondari moja ya Kamembe, na wanafunzi walimwita Maman Disiplini. Umri wake ulikuwa miaka arobaini na sita. Wazazi wake walimkimbiza Bukavu, Kongo, ng'ambo ya mto, akiwa mdogo. Akakulia huko, akafundisha shule ya msingi Kadutu, kisha mwaka 1995 akarudi Rwanda na godoro, sufuria mbili na Aimable, mtoto wa marehemu dada yake.

Mwaka uliofuata wavulana wakaanza kupungua darasani. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa barabara ya darajani, na kundi lililojiita Sanpapa, wasio na baba, ingawa wengine baba zao walikuwa hai na walikula nao jioni. Waliwavizia wanawake wanaotoka Bukavu na mafurushi ya vitenge na mitumba. Silaha yao ilikuwa spoki ya baiskeli iliyochongwa. Mwanamke asiyeachia furushi alichomwa kwenye paja.

Mkuu wa shule, Nzabonimana, alitaka kuwafukuza wote. Mukamurenzi alimwomba muda. Akanunua daftari la mistari, akaanza kwenda nyumba kwa nyumba.

Wa kwanza kumfungulia moyo alikuwa Mukabera, mjane mwenye shamba la mihogo Nyakarenzo. Alimkalisha jikoni, akafunga mlango.

"Maman, nikikuambia juu ya mutoto wangu, utamupeleka kwa polisi?"

"Hapana. Nitamwandika hapa, halafu tutamufuata mimi na wewe. Hiki kitabu tutakiona mimi na mkuu wa shule, basi."

"Unaapa?"

"Naapa."

Mukabera alisukuma kuni motoni. "Basi andika Vénuste. Amekuja na viatu vya muntu mwingine."

Baada yake wakaja wengine. Mama mmoja alimwambia mwenzake, na kufikia mwisho wa 1997 daftari lilikuwa na majina kumi na manne. Kando ya kila jina Mukamurenzi aliandika nyumba, marafiki na mahali kijana anapopenda kukaa. Alifanya kazi ile kama mtu anayepalilia. Asubuhi aliwapitia walio karibu na kuwapeleka darasani mwenyewe. Jumamosi aliwakutanisha wazazi. Aliwalazimisha wavulana wamfuate hadi barabara ya darajani, kila mmoja amtafute mwanamke aliyemnyang'anya, amwombe msamaha mbele ya watu. Vénuste alifanya hivyo. Mwanamke akampiga kofi, kisha akamwambia arudi shule. Kufikia katikati ya 1998, tisa kati ya wale kumi na wanne walikuwa wameacha kundi kabisa.

Jina la kumi na tano hakuliandika.

Siku moja, akitandika kitanda cha Aimable, alikuta chini ya godoro vitenge vinne vipya na kitambaa cha kichwa cha mwanamke, kimechanika. Aimable alikuwa na miaka kumi na sita. Alipotoka shule, mama yake mdogo alikuwa ameviweka mezani.

"Ni vya nani?"

Aimable alitua mkoba wake sakafuni.

"Nakuuliza, ni vya nani?"

"Tante, nilibeba tu. Sikuchoma muntu."

Alimpiga kwa mwiko mpaka mwiko ukavunjika, akavichoma vitenge nyuma ya nyumba. Aimable aliapa kwa kaburi la mama yake kwamba hatarudia. Usiku ule Mukamurenzi alifungua daftari, akalifunga tena. Alijiambia mambo yamekwisha, kwamba hana haja ya kumwandika mtoto anayelala chumba cha pili. Moyoni alijua sababu nyingine. Aliona aibu. Angewaambiaje akina mama wa Nyakarenzo kwamba Maman Disiplini analea mmoja wa Sanpapa?

Agosti ile vita vya pili vya Kongo viliwaka ng'ambo ya mto. Wiki chache baadaye, Jumanne saa nne asubuhi, lori liliingia uwanja wa shule. Walishuka wanaume sita wenye bunduki, hawakuvaa sare. Mmoja, mwenye koti la mvua, alikuwa na daftari la mistari mkononi. Wanafunzi walipangwa mstari. Mukamurenzi alitoka ofisini akalitambua daftari kwa jalada lake, na kabla hajafika, yule mtu alikuwa ameanza kusoma.

Alisoma vizuri, polepole, kama mwalimu. Jina, nyumba, marafiki. Wasiokuwepo walifuatwa palepale walipopenda kukaa, kwa kuwa hilo nalo lilikuwa limeandikwa. Hakuna aliyeulizwa kama ameacha kundi. Vénuste alipoitwa alimtazama Mukamurenzi, akadhani ni mambo ya mkutano wa wazazi, akatabasamu kidogo. Alipanda lori na kalamu sikioni.

"Hawa wameacha!" Mukamurenzi alipiga kelele. "Nimewaandika ili niwasaidie! Huyu ameacha, na huyu!"

Mwenye koti alimjibu bila hasira, "Maman, umefanya kazi safi. Ungetuachia sisi, ingetuchukua miezi."

Akina mama wawili waliokuwa sokoni walifika mbio na kuyasikia maneno hayo. Walimwona pia Aimable, amesimama kwenye mstari wake, hakuguswa.

Kiongozi wa Sanpapa, aliyeitwa Kamali, hakuchukuliwa. Mama yake hakuwahi kumfungulia Mukamurenzi mlango.

Nzabonimana alimpokea ofisini bila kumtazama. "Walisema ni mafunzo ya useremala. Useremala na uashi. Walitaka vijana wagumu, nikawatolea daftari lako kabatini."

"Na uliamini?"

"Walinikalisha hapa muda wa saa mbili, bunduki juu ya meza. Ungeniambia nifanye nini?"

Mukamurenzi aliinuka. Alichukua kitambaa chake akaenda Nyakarenzo. Kwa Mukabera alikuta akina mama wengine kumi na watatu wamekaa uani. Hakuna aliyempa kigoda. Alieleza yote: daftari, mkuu wa shule, useremala wa uongo. Walimsikiliza hadi mwisho.

"Na wako?" Mukabera aliuliza. "Wako alibaki."

Angeweza kudanganya. Angesema Aimable hakuwahi kuwa nao, na pengine mmoja au wawili wangemwamini.

"Alikuwa nao," alisema. "Nilijua. Sikumwandika."

Mama mmoja alifunika uso kwa kitenge. Kisha Mukabera akasimama. "Piga magoti."

Alipiga.

"Tuambie batoto betu wote. Bila kitabu."

Mukamurenzi aliwataja wote kumi na wanne, na kila jina lilipotoka, mama yake aliitika kama kanisani. Alipomaliza, Mukabera aliinama karibu na uso wake.

"Ongeza mumoja."

"Aimable."

"Tena."

"Aimable."

Walimfanya alitaje hadi sauti ikakauka. Mukabera akammwagia maji ya kuoshea vyombo, akamwambia asikanyage tena uani kwake. Alirudi Kamembe na maganda ya maharage kwenye nywele.

Shuleni, Aimable alibaki peke yake kwenye benchi la watu wanne. Wenzake walitemea mate madaftari yake. Wiki ya tatu alimuuliza mama yake mdogo, wakila, "Tante, juu ya nini hukuniandika?"

"Nilikuhurumia."

"Haukunihurumia. Ulijihurumia wewe."

Asubuhi hakuwepo. Wengine walisema amevuka daraja kuwatafuta wenzake, wengine walisema yuko na Kamali. Wote walisema kweli: alianza kwa Kamali, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kukaa naye, na baada ya miezi miwili akavuka. Mukamurenzi alienda Bukavu mara saba na picha yake. Mara ya saba, mwanamke mmoja wa Kadutu alimwambia kijana yule alizikwa njiani kuelekea Walungu, pamoja na wengine, na kwamba alikuwa amevaa sweta ya kijani. Sweta hiyo Mukamurenzi aliifuma mwenyewe.

Kati ya wale kumi na wanne walirudi wanne kutoka vitani. Vénuste hakuwa mmoja wao.

Shule haikumfukuza Mukamurenzi. Nzabonimana hata alimpa daftari jipya, hakulipokea. Aliendelea kuzunguka nyumba kwa nyumba, lakini milango ilifungwa akiwa bado njiani. Hakuna mama aliyethubutu tena kumtaja mtoto wake kwa mtu yeyote, si kwa mwalimu, si kwa padri. Kwa hiyo Kamali alipata vijana aliowataka, na mwaka 2001 Sanpapa ilikuwa kubwa mara mbili.

Mwaka huo huo Karim, fundi cherehani wa Kamembe, alimfuata shuleni. Binti yake Uwase, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, alikuwa ameanza kuwafichia wale vijana mizigo.

"Watu wamenikataza nisikuone," Karim alisema. "Wamenieleza ulichofanya."

"Wamekueleza kweli."

"Sina mwingine, Maman."

Kuanzia siku ile alimchukua Uwase mlangoni asubuhi na kumrudisha jioni. Walipita mbele ya kundi mara mbili kwa siku, mwaka mzima. Uwase alimchukia. Alimwita muuzaji wa watoto, kwa sauti, sokoni. Mwezi wa tano, jiwe lilimpata Mukamurenzi gotini na kuvunja kitu ambacho zahanati haikuweza kukirudisha. Alilala siku nne. Siku ya tano alikuwa mlangoni kwa Karim na fimbo, na Uwase, bila kusema neno, akambebea mkoba. Hakuwafichia tena wale vijana mizigo.

Uwase alifaulu. Alipopanda basi kwenda shule ya bweni, Karim alilia waziwazi. Mukamurenzi alirudi kwa miguu, akichechemea. Kwenye kona ya soko walisimama vijana wapya wa Kamali, mmoja bado na sauti ya kitoto. Huyo alimrushia ganda la ndizi, likampata begani. Alilipangusa, akamuuliza anasoma shule gani.

Kijana akamtukana.

Akamuuliza tena.