Waya Chini ya Migunga

Majani yakiisha mbugani, swala huja kwenye migunga ya bonde letu, huku Natta, kula maganda yanayodondoka. Mume wangu hakuwa mtu wa kufuata nyayo. Alifuata chakula. Mgunga ukidondosha, anatega waya chini yake. Waya alikuwa anaupata kwa kuchoma matairi chakavu.

Sasa maganda hayohayo ndiyo tunayowaokotea mbuzi kiangazi. Nilimwambia watoto wanapita pale. Akacheka. "Mtoto wa hapa hajui waya? Labda huko kwenu Itiryo."

Asubuhi moja mama mkwe akamtuma binti yangu wa miaka mitano akaokote maganda. Nilikuwa nafua. Niliposikia kilio nilichomoa panga mlangoni nikakimbia.

Waya ulikuwa umemnasa juu ya kifundo cha mguu. Kwenye mti huohuo, waya wa pili ulikuwa umemkaba swala dume, mzima, anarusha kwato hatua moja kutoka kichwa cha mwanangu. Nilimkata yule swala. Panga la kwanza liligonga pembe. La pili shingo, la tatu shingo, nikaendelea hata alipotulia. Damu ilimrukia mtoto usoni. Akawa ananiogopa mimi.

Mume wangu alinikuta nahangaika kulegeza waya, umezama kwenye nyama ya mguu. Akaangalia kwanza upande wa barabara.

"Mnyamazishe. Askari wa wanyamapori watasikia."

Nikamrushia panga. Lilimpata begani kwa ubapa. Mpaka leo najuta kwamba ni ubapa.

Waya ulipolegea nikambeba mtoto kwenda zahanati, mama mkwe nyuma yangu anahema.

"Mwanangu, sema ni kamba ya ndama. Ukitaja waya, mumeo anaozea gerezani."

"Na mguu ukioza, mama?"

"Kidonda tu hicho. Kitapona."

Lakini mimi nimesoma mpaka kidato cha nne. Najua kutu inavyoua. Mganga akisikia kamba, atafunga bandeji aturudishe nyumbani.

"Kimemkata nini?" akauliza.

"Waya wa mtego. Wa tairi, una kutu."

Akaenda kuchukua sindano ya pepopunda. Aliporudi akauliza, taratibu, nani kautega.

"Baba yake. Na mingine bado iko palepale. Nitawaonyesha askari."

Mguu ulibaki, mtoto anachechemea kidogo. Ukoo mzima wa mume wangu haunisalimii. Wasinisalimie.