Sanduku la Barua la Gulwe

Mafunzo yangu ya vitendo niliyafanya bila kuiona ofisi yenyewe. Ilikuwa kampuni mpya ya kuweka na kukopa, ya watu binafsi, iko Dar es Salaam. Mimi nilikuwa Dodoma, nakaa kwa dada yangu Area D. Walisema viti havitoshi, basi nitumie kompyuta ya chuo. Maagizo yalikuja kwa barua, disketi zikaenda na kurudi kwa basi, mkononi mwa kondakta. Sina hakika kama hayo yalikuwa mafunzo kamili. Ila bila wao kusaini fomu yangu nisingepata cheti, na zaidi ya kidato cha nne sikuwa na kingine.

Kazi ilikuwa kuandika programu ya kusafisha orodha ya wateja, maana wengine walijiandikisha mara mbili. Msimamizi aliandika: "Sanduku moja la barua, mteja mmoja. Wanaojirudia wafute." Nikafanya hivyo. Programu ikaenda vizuri, orodha ikapungua, nikajisifu kidogo. Asubuhi nikaipeleka disketi stendi.

Mchana dada alikuwa anachagua mchele. Akaniuliza, "Haya msomi, mama umemkuta humo?"

Mama alikuwa mteja wao. Nikafunua karatasi nilizochapa. Kijijini kwetu Gulwe alibaki mtu mmoja tu, fundi baiskeli, kwa kuwa programu ilimwacha wa kwanza kwa alfabeti na jina lake linaanza na A.

Kwetu Gulwe hakuna mwenye sanduku lake. Barua zote huja kwa sanduku la shule ya msingi, na watoto huzibeba wakirudi nyumbani. Mimi mwenyewe nilizibeba miaka saba.

"Umemfuta mama yako mzazi," dada akasema. "Hata mchawi huanza na jirani!"

Nililipita jengo la posta mara mbili kabla sijaingia kununua kadi ya simu nimpigie msimamizi.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba. Disketi imeondoka?"

"Imeondoka, lakini naomba usiitumie. Nimefuta watu wa vijijini karibu wote." Nikamweleza habari ya sanduku la shule.

Kadi ilikuwa inakwisha.

"Kijiji kizima, sanduku moja?"

"Ndiyo. Sheria ulinipa wewe, lakini Gulwe ni kwetu. Mimi ndiye niliyepaswa kujua."

"Mimi nimezaliwa mjini, binti. Hilo silijui kabisa." Akacheka. "Na huyo mmoja uliyemwacha ana nini?"

"Ana herufi A, bosi."

"Basi sikiliza. Orodha ya zamani ninayo hapa, hakuna aliyepotea. Andika upya, uangalie jina, kijiji na mwaka wa kuzaliwa. Fomu nitasaini nikiiona kazi."

Nilitoka posta miguu myepesi, hata vumbi la Dodoma sikulisikia. Nikaandika upya siku tatu. Safari hii nilimtafuta mama kwanza, kisha majirani zetu mmoja mmoja, ndipo nikaenda stendi.

Baadaye mama alituma salamu kwamba barua ya kampuni imemfikia, ina chaki ya shule kila mahali. Nami fomu yangu ikarudi. Msimamizi alikuwa ameandika, "Alikosea, akasema mwenyewe," akanipa B.

Nadhani alinipendelea kidogo. Kosa la kwanza lilikuwa letu wote wawili, lakini kwa kujisifu kabla sijamtafuta mama, alama yangu ilikuwa C.