Saa ya Watu wa Chini ya Mlima

Hadithi yangu ya watu waishio chini ya Uluguru ilikwama kwenye saa. Sisi huhesabu saa tangu jua lichomoze. Wao hawana jua, nami nilikataa kuandika "asubuhi" ya uongo. Nikaingia shimo lililoachwa na wachimba madini ya ulanga, nyuma ya nyumba ya shangazi, nikazima kibatari. Nikahisi njaa, nikasinzia, nikahisi njaa tena. Nilitoka nikiwa na hakika kwamba kumekucha siku nyingine.

Shangazi alikuwa bado anachambua maharage yaleyale.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba tena. Si umeniamkia sasa hivi?"

Nikaamua watu wangu wahesabu saa kwa njaa. Hadi ukurasa wa kumi walikuwa wanakula tu, safari niliyowapangia haijaanza.