Mafuta Kwenye Klachi ya Mzee Jilala

Usiku ule sikulala. Jirani aliniletea habari jioni: mwanangu Wanzagi amefungiwa kwenye gereji ya nyumbani kwa Mzee Jilala, na kukicha atapelekwa polisi kama mhujumu uchumi. Mwaka ule wa themanini na tatu, neno hilo lilitosha kumpoteza mtu.

Wanzagi alijifunza ufundi kwenye matrekta ya pamba, Bunda. Haongei sana, na hafungui nati kabla ya kulisikiliza gari. Jilala alikuwa na kigari chekundu cha watu wawili, cha enzi za Waingereza, alichonunua kwa Mhindi aliyehama. Klachi yake husukumwa na mafuta ya breki, nayo ilikuwa imeharibika, akamwita Wanzagi aitengeneze. Ukikanyaga, pedali inazama bila nguvu na hairudi, gia zinalia.

Kulipopambazuka nilikuwa getini kwa Jilala, mtaa wa Kitaji.

"Mama Wanzagi, umekuja kulia?"

"Nimekuja kuuliza mwanangu kaiba nini."

"Raba za pampu ya klachi! Zangu zilitoka Uingereza. Yeye kaniwekea takataka zilizovimba kama maandazi."

Wanzagi akajibu kutoka nyuma ya mlango wa bati: "Mama, ni zilezile. Nilitafuta panapovuja, hapavuji. Nikatoa upepo ulionaswa kwenye mafuta, pedali ikabaki chini. Ndipo nikafungua pampu. Zimevimbishwa na mafuta yasiyo ya breki."

"Nyamaza, mwizi!"

Pampu yenyewe ilikuwa barazani, juu ya gazeti, ikingoja polisi. Nilichovya kidole. Tangu mafuta ya kula yaadimike nachemsha mafuta ya samaki, sangara, pale ufukweni Mwigobero na kuyauza. Harufu yake hainipotei hata yakichanganywa na uchafu.

"Mzee, haya ni ya sangara."

"Unajua nini cha magari, wewe mchuuzi wa samaki?"

"Cha magari sijui. Nusa mwenyewe. Mkeo alinunuaga kwangu."

Mkewe, Dorkas, alikuwa anafagia uani. Aliacha kufagia.

"Nilipikia mara moja tu," alisema bila kumtazama mumewe. "Asubuhi nikakuta chupa tupu, na wewe umeinamia injini. Ukaniambia mafuta ni mafuta, ya breki hayapatikani hata Mwanza."

"Ingia ndani!"

"Naingia. Ila polisi wakija, nitawaambia hivyo hivyo."

Jilala alinigeukia. Nilidhani atanipiga. Sikurudi nyuma. Hakusema amekosea. Alitoa ufunguo mfukoni, akafungua kufuli, akasukuma mlango kiasi cha mtu mmoja kupita kwa ubavu.

"Toka. Spana zako zinabaki humu mpaka gari litembee."

"Mzee, bila spana nitalitembezaje?"

"Hilo ni lako."

Wanzagi alitaka kurudi kuzichukua. Nilimshika mkono kwa nguvu zangu zote, nikamvuta nje, na Jilala akaubamiza mlango.