Amerudi kwa Baba

Juzi nilipita mahali ilipokuwa redio ya mtaa wetu. Siku hizi wanauza simu, na mlingoti wa antena umekatwa, kimebaki kisiki cha chuma. Harufu ya sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, ikanirudia puani.

Alasiri ile maman alikuwa anatwanga sombe uani. Redio ilikaa dirishani, betri zake tulikuwa tumezianika juani ili zipate nguvu. Nilimaliza kuimba pamoja nayo tangazo la sabuni, ndipo mtangazaji akaanza kusoma makomunike, matangazo ya familia, kwa sauti yake ya taratibu.

"Familia ya papa Deziré, aliyekuwa Luhwindja, inajulishwa kwamba papa amerudi kwa Baba."

Lilikuwa jina la papa wangu. Miezi mingi alikuwa kule akichimba dhahabu. Baba yake, yaani babu yetu, alikaa Nyangezi, kwa hiyo kwangu mambo yalikuwa wazi.

"Maman, papa iko Nyangezi! Redio imesema amefika kwa babu."

Mchi ulisimama. Maman akakaa chini polepole, akanivuta kifuani kwa mikono iliyojaa majani mabichi.

"Ndiyo, mutoto wangu," akasema. "Kesho tutaenda kumuona."

Nilikimbia kuwaambia majirani, nikashangaa hakuna aliyefurahi.

Kesho yake nilivaa rinda langu la Noeli. Redio haikuwa imenidanganya. Papa tulimkuta Nyangezi, uani kwa babu, katika sanduku lililokwisha kupigiliwa misumari.